Swichi ya Kulia

Bertilla alikuwa na sauti ambayo hata redio ya upepo haikuweza kuiharibu. Kila asubuhi, kutoka chumba chake katika ofisi ya mkoa pale Sumbawanga, aliongea na Clemens aliyekuwa Wampembe, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na Lutengano aliyekuwa Mtowisa, chini bondeni kwenye joto na mpunga. Hakuwa amewahi kumwona hata mmoja wao. Alimtambua Clemens kwa kukohoa kwake. Na Lutengano, kijana wa Kinyakyusa aliyeletwa huko na kazi, kwa namna alivyochelewa kuaga.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, na habari za mbegu, dawa na mikutano zilipita kwenye redio hizo. Tatizo ni kwamba chaneli yao ilivamiwa na rumba kutoka ng'ambo ya ziwa, na taarifa za mbolea zikawa zinafika zimechanganyika na magitaa. Mzee Rafaeli, mkuu wa mawasiliano, akaamua wahamie chaneli ya tatu, akamwagiza Bertilla awaeleze wenzake.

Bertilla akaitazama redio iliyokuwa mbele yake. Swichi ya kulia ndiyo iliyobadilisha chaneli. Akabonyeza kipaza sauti.

"Vituo vyote, zungusheni swichi ya kulia mpaka namba tatu. Tukutane huko."

Redio ya Wampembe ilikuwa ya aina ileile, kwa hiyo punde Clemens akasikika akikohoa kwenye chaneli ya tatu. Mtowisa kimya. Redio ya Mtowisa ilitengenezwa nchi nyingine kabisa. Kwake chaneli zilibadilishwa kwa vitufe vya kushoto. Swichi ya kulia ikiwa kwenye moja, redio ilisikiliza. Ikiwa kwenye tatu, ilirusha sauti mfululizo, kipaza sauti kibonyezwe kisibonyezwe. Lutengano aliona kabisa kwamba agizo halilingani na mashine yake, ila amri ya mkoa ni amri ya mkoa. Akazungusha.

Bertilla akarudi chaneli ya zamani kumtafuta. Akamkuta anaongea, lakini si na yeye. Anaongea na Mama Luciana, mpishi wa chai wa ofisi ya Mtowisa, aliyetaka kujua kwa nini kijana amenyong'onyea namna ile.

"Mama, ile sauti ya Sumbawanga nikiisikia asubuhi, joto la hapa linapungua," alisema Lutengano. "Nikipata lori nitapanda nikampose kwao."

Mama Luciana akamuuliza kama ana hakika binti mwenyewe ana meno. Lutengano akajibu kuwa hata kama hana, atamtafunia nyama.

Bertilla alipitisha ulimi kwenye meno yake, yote, kisha akaanza kucheka mpaka akashika meza. Alijaribu kumwita, bila mafanikio, kwa kuwa redio inayorusha haisikii. Nyuma yake Mzee Rafaeli alikuwa amesimama na kikombe chake, chai inamwagika, hana habari nayo. Bertilla aliona aibu, na chini ya aibu ile akahisi furaha nyepesi, kama mtu aliyebebwa begani.

Mwishowe kimya kilimtia Lutengano wasiwasi, akarudisha swichi kwenye moja. Kitu cha kwanza kumfikia ni kikohozi cha Clemens, aliyekuwa amerudi kimyakimya chaneli ya zamani akisikiliza kila neno. Cha pili ni Bertilla.

"Mtowisa, safari hii sikwambii uzungushe nini. Tunataka chaneli ya tatu. Redio yako unaijua wewe. Ukifika, niite."

Lutengano akabonyeza kitufe cha kushoto, akaita. Alisikika safi, bila rumba. Akauliza kwa sauti ndogo amesikika tangu wapi.

"Tangu kwenye joto," alisema Bertilla. "Na meno ninayo, Ndugu Lutengano. Njoo uyaone."

Tangu siku ile Mzee Rafaeli aliagiza mkoa useme kinachotakiwa tu, kila kituo kitafute chenyewe swichi yake. Kabla ya kuanza kazi, kila kimoja kiitike kwanza.

Lutengano alipanda na lori la mpunga, akashuka Mazwi, mjini Sumbawanga, akiwa mwekundu kwa vumbi mpaka kwenye kope. Bertilla alikuwa anamngoja amevaa gauni lake la kanisani. Akamshika mkono, akacheka, akamwongoza kwao huku akiongea peke yake njia nzima, kuhusu baridi, kuhusu shamba la ulezi la baba yake, kuhusu mbuzi aliyewapita.

Mlangoni walimkuta baba yake, Mzee Zenon, anapukuchua mahindi. Lutengano akainama, akameza vumbi.

"Shikamoo, baba," akasema. "Nimetoka Mtowisa."

Mzee Zenon akasogeza kigoda kwa mguu, akampa hindi la kuanzia kupukuchua.