Wingu Lisiloondoka

Kazi ya fundi ramani ilikuwa kuziba matundu. Kila mchana satelaiti ilipita juu ya mkoa, ikapima uchafu wa hewa, na kompyuta ikaupaka rangi: kijani hewa safi, nyekundu hewa ya kuua. Palipo na wingu satelaiti haioni chini, hivyo ramani hubaki na tundu la kijivu. Fundi hulijaza kwa rangi ya majirani. Ndivyo walivyofanya wote ofisini, na ramani ilitoka inapendeza kama kitambaa kipya.

Siku moja, akitafuna karanga, alizipitisha ramani ghafi za kiangazi chote, moja baada ya nyingine, kabla hazijazibwa. Mawingu yalikuja yakaenda, mawingu yenye adabu zao. Moja halikuenda. Lilikaa juu ya mtaa wa bondeni, lina umbo la kiganja, na kila wiki lilinenepa. Chini ya kiganja hicho aliishi dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao afariki.

Akampigia.

"Dada, huko kuna mawingu?"

"Mawingu ya wapi? Tangu mvua zikatike hatujaona hata tone. Yaani huulizi kama nimekula, unauliza mawingu!" Akakohoa, kikohozi kirefu, kikavu, kama mtu anakwangua sufuria.

"Anga likoje?"

"Jeupe. Kama siku zote."

Akaziweka karanga kando. Halikuwa wingu. Ulikuwa moshi, mzito mpaka kompyuta ikauita wingu, na yeye kwa mkono wake akaufunika kwa kijani.

Mkuu wake wa kazi, alipoelezwa, alianza kwa kucheka. "Wingu limekuudhi nini, bwana?" Kisha akaitazama skrini, kicheko kikafa. Akamtupia funguo za gari. "Kamtoe dada yako. Ramani ya leo inatoka bila kijani hapo."

Alasiri ile kivuli cha gari kilikimbia kando yake njia nzima. Alipoanza kuteremka bondeni, kikatoweka.

Mtaani watu walinunua nyanya, wakataniana, wakacheka. Hakuna aliyekuwa na kivuli. Nguzo hazikuwa nacho, wala mbuzi. Ndege hata mmoja hakulia. Ukingoni jalala la zamani lilifukuta chini kwa chini, bila ndimi za moto, na ardhi ilikuwa na joto lililopenya soli za viatu. Harufu ya mpira ulioungua ilimkaba.

"Harufu gani?" dada aliuliza mlangoni, mdogo wake alipoitaja. "Pua yako ya mjini hiyo."

"Dada, vivuli vyenu viko wapi?"

"Vivuli utavila? Ingia ndani, acha kuniletea uchuro."

"Hewa hii inakuua. Twende kwangu."

"Mume wangu nimemzika hapa, nikamwache na nani? Kikohozi ni vumbi tu. Mtaa mzima tunakohoa."

"Mtaa mzima?"

 Fundi akatoa leso nyeupe mfukoni. "Kohoa humu."

"Una wazimu wewe."

"Kohoa, dada. Nakuomba."

Akakohoa. Wote wawili wakaitazama leso. Ilikuwa nyeusi kama kitako cha chungu.

Dada aliikunja taratibu, mara nne, kama anaficha kitu cha aibu. "Siku mbili tu," alisema. "Jirani atawalisha kuku." Kisha akamtazama jirani aliyekuwa akikohoa uani kwake.

Walipanda kilima kwa gari. Juu kabisa jua likawapiga usoni, la njano, kali, na dada akaziba macho kwa viganja. Alipoyafumbua, akamshika mdogo wake mkono kwa nguvu.

"Ongeza mwendo!"

"Kuna nini?"

"Kile cheusi kinachotukimbiza! Hukioni? Kimetoka bondeni kinatufuata!"

"Ni kivuli, dada. Ni chetu."

Dada akapandisha kioo mpaka juu, akageukia upande wa pili. Hakutazama tena huko mpaka jua lilipozama.