Kifua cha Muuza Barafu

Wachuuzi wa samaki walimwita Jokofu, na jina likamkaa sawasawa. Tangu ujana kazi yake ilikuwa kukata mapande ya barafu kwa msumeno, kuyapakia kwenye mkokoteni na kuyafikisha sokoni kabla jua halijawa kali. Mikono yake ilikuwa baridi mwaka mzima. Mkewe alimwekea sharti moja tu la kitandani, kwamba mikono ile ibaki upande wa mwenyewe. Mama mkwe naye, siku ya posa, alimpa mkono, akautoa haraka kama aliyeguswa na chura, akasema mbele ya wageni, "Huyu atanigandishia binti yangu." Watu walicheka, Jokofu akacheka nao, lakini neno lile halikumtoka moyoni.

Sasa Jokofu alikuwa hospitalini, wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na binti huyo alikuwa wodi nyingine, kapasuliwa ghafla kabla mimba haijatimia, na bado hajajitambua vizuri. Kitoto chake, msichana wa kuenea kwenye viganja viwili, kilikuwa hai na kilipumua chenyewe. Shida yake ilikuwa moja. Kilikuwa kinapoa, na mtoto njiti akipoa sana, safari yake huishia hapo. Mashine ya joto ilikuwa moja, na ndani yake amelala mwingine mdogo kuliko yeye.

"Baba, kaa kwenye kiti kile, vua shati," nesi alimwambia Jokofu. "Namhudumia huyu mwingine, nakuja kukuwekea mwanao kifuani."

Nesi akageuka. Jokofu hakuvua shati. Alimtazama mwanawe, akaitazama mikono yake.

Mama mkwe alikuwa na kikohozi, kwa hiyo alikatazwa kuvuka mlango. Miguu yake ilitii, sauti ndiyo iliyoingia. "Unamwangalia tu? Mfunike! Shika hili blanketi! Na hili! Na hili la sufu!"

Jokofu akapokea, akafunika. Hapo alikuwa fundi hasa, maana kufunika ndiyo kazi yake. Alikunja pembe, akabana chini, akaziba kila upenyo, mpaka mtoto akabaki pua tu. Nesi aliporudi alilikuta furushi kitandani na baba yake amesimama pembeni, shati mwilini, vifungo vyote vimefungwa hadi shingoni.

Nesi hakugomba. Aliingiza kipimajoto ndani ya furushi, akasubiri, akakisoma. Uso wake ukabadilika kidogo.

"Ameshuka tena. Baba, wewe unafanya kazi gani?"

"Nauza barafu."

"Ukiwa njiani na jua linawaka, barafu unaifunika na nini?"

"Maranda ya mbao, halafu magunia. Mazito, tena mawili mawili."

"Ili ipate joto?"

"Aa, nesi, joto tena! Si itayeyuka? Naifunika ili baridi yake isi..."

Hakumalizia. Aliliangalia furushi. Miaka yote ile ya magunia na maranda, na hakuwahi kufikiri kwamba blanketi ni gunia lililopendeza tu. Alikuwa amemfungia mwanawe baridi ndani, kwa mikono yake mwenyewe na kwa ustadi wote.

"Blanketi halina moto wake," nesi alisema taratibu, huku akifungua. "Linatunza linachokikuta. Huyu hana joto la kutosha kutunzwa, lazima alipate kwa mwingine kwanza. Joto hutoka palipo nalo kwenda penye upungufu. Ngozi kwa ngozi linapita vizuri. Vua shati."

"Nesi, mimi ni wa baridi." Alimnyooshea mkono. "Muulize yeyote. Nishike mkono uone. Nitamuua mwanangu."

Nesi alimshika mkono. Ulikuwa baridi kweli, na yeye hakusema uongo kumpa moyo. Akamfungua vifungo viwili, akambana kipimajoto kwapani, akaenda kunawa. Jokofu alisimama mkono umebana ubavu, akingoja kama mshitakiwa. Nesi alirudi akamwonyesha: nyuzi thelathini na sita na nusu.

"Joto langu asubuhi lilikuwa hilo hilo," alisema. "Mikono inashinda kwenye barafu, kwa hiyo mwili unaipunguzia damu, joto unaliweka huku." Akamgonga kifuani kwa kidole. "Hapa umelitunza miaka yote."

Mimi nasema, kusoma ni kuzuri, lakini kusoma halafu ukajua kumwambia mtu kwa lugha ya mkokoteni wake, hiyo ni tunu. Jokofu alivua shati. Mama mkwe, kwa heshima, akageukia ukuta, lakini hakuacha kuuliza, "Tayari? Tayari?"

Mtoto akavalishwa kofia na nepi, akawekwa kifuani, tumbo kwa ngozi, na kitambaa kikawafunga pamoja. Ndipo nesi akachukua lile blanketi la sufu na kuwafunika wote wawili.

Jokofu hakuthubutu hata kukohoa. Mwanzoni alihisi ubaridi wa mwanawe ukimwingia kama pande dogo la barafu, na mara ya kwanza maishani akaomba barafu iyeyuke upesi. Nesi alikuja na kipimajoto, akaenda, akaja tena. Joto lilipanda kidogo. Likapanda tena. Adhuhuri kitoto kilijinyoosha, kikakuna kifua cha baba yake kwa kucha zisizoonekana, na Jokofu akalia mbele ya wodi nzima bila kuona haya.

Siku zilizofuata sokoni hawakumwona, wachuuzi wakahangaika na samaki wao. Mama mkwe alileta uji mlangoni, nesi akaupokea na kumnywesha mtu mzima kwa kijiko, maana mikono yake ilikuwa haiuachii mzigo ule. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Kisha mkewe akaletwa kwa kiti cha magurudumu, amekonda lakini anacheka. Nesi alimhamisha mtoto kutoka kifua hadi kifua, haraka, asipigwe na upepo. Jokofu akabaki amekaa, wazi, mikono haina kazi. Alitetemeka. Mtu aliyezeekea kwenye barafu alikuwa anaona baridi.

Mama mkwe, kikohozi kimekwisha na ruhusa ya kuingia anayo, alimwona. Alilichukua blanketi la sufu, akamzungushia mabegani, akakunja pembe.

"Jifunike, mwanangu," alisema. "Sasa kuna joto la kutunza."

Akaishika mikono yake yote miwili, ile ile ya siku ya posa, baridi vile vile. Safari hii hakuitoa yake.