Mafuta ya Klachi

Lodwar ilikuwa imeshabaki nyuma, na Mwalimu Ejore hakuwa ameniachia usukani hata mara moja. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi. Landrova yake ya mwaka wa hamsini na sita ilikwenda mwendo wa ngamia mwenye haraka, naye amekaa wima kama aliye mbele ya darasa. Kila akibadilisha gia ananitazama.

"Umeona, Kipchumba? Kwa kidole tu."

"Nimeona, Mwalimu. Gari yako imekuwa kijana."

"Gari langu limekuwa kijana," akanisahihisha. Alifundisha Kiswahili miaka thelathini na mbili, na kustaafu hakukumponya. Mimi nilisoma vipande vipande, darasa moja hapa, jingine kule, popote miguu iliponifikisha. Nilimzoea.

Gari hilo aliachiwa na padri mmoja aliyerudi kwao. Klachi yake ilikuwa ya vyuma vitupu: unakanyaga pedali, chuma kinasukuma chuma mpaka kwenye giaboksi, na unahitaji mguu wa askari. Goti la kushoto la Mwalimu lilikufa zamani, ndiyo maana aliniita. Siku nne nililala chini ya Landrova nikitoa vile vyuma na kufunga klachi ya mafuta. Silinda moja juu kwenye pedali, nyingine chini kwenye giaboksi, zote za pikapu iliyopinduka Lorugum, na paipu nyembamba katikati. Ukikanyaga juu, mafuta yanasukuma chini. Ukiisikia ni kazi ndogo. Kibao cha kushikilia silinda ya chini nilikikata mara tatu kabla hakijakaa sawa. Kutoa upepo kwenye paipu kulikula nusu siku, yeye juu, mimi chini na spana, nikipiga kelele: "Kanyaga! Shikilia! Achia!"

Haraka yote ilikuwa ya Namuria, binti yake wa pekee. Miaka sita nyuma Namuria alimpenda Thiong, Msudani Kusini aliyekulia kambini Kakuma. Wazee wa Thiong walikuja Lodwar kuposa. Mwalimu aliwaacha wamesimama nje ya boma, akasema mtu asiye na nchi hana pa kumpeleka mtoto wa watu. Namuria alimfuata Thiong, na baba hakumwona tena. Sasa Thiong alikuwa amepata nchi. Kanada, yeye, mke na mtoto. Basi lingewachukua kambini saa nne kamili kuwapeleka kwenye ndege, na ukishapanda basi lile hakuna wa kukuaga.

Wiki ile Namuria alipiga simu. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Baba, njoo hata na bodaboda."

"Nitakuja na gari langu, nikiendesha mwenyewe," akamjibu. "Siwezi kuja kuomba radhi nimebebwa kama gunia."

Tulipofika mahali ambapo milima ya Pelekech inaanza kuonekana, injini ikapiga kelele na gari halikuongeza mwendo. Halafu harufu. Anayeijua harufu ya klachi inayoungua hahitaji kuambiwa.

"Simama, Mwalimu."

Nilifungua boneti, nikafungua kikopo cha mafuta juu ya silinda ya pedali, nikachovya kidole. Mafuta mazito, rangi ya asali.

"Nani ameweka hii kitu?"

"Mimi. Jana jioni uliniambia niangalie mafuta ya klachi. Nikaangalia, yamepungua, nikaongeza."

"Yapi?"

"Ya injini. Mapya kabisa, ya kopo lenye sili. Si yale ya kupimiwa."

"Mwalimu, klachi inakunywa mafuta ya breki!"

"Basi kwa nini uliyaita mafuta ya klachi?"

Mafundi wote tunasema hivyo na tunaelewana. Yeye alisikia neno nililosema, si lile nililokusudia. Na chupa ya mafuta ya breki hakuiona, kwa sababu nililala nayo mfukoni mwa koti. Nimetangatanga tangu ujana, siachi kitu changu kwa mtu. Mafuta ya injini yakigusa raba za silinda zile, raba zinavimba. Zikivimba, mafuta hayarudi, na klachi haishiki tena. Zilikuwa zimevimba usiku kucha.

Ekwam, mwanafunzi wake wa zamani anayebeba abiria kwa Probox, akatukuta hapo, akatoa kichwa dirishani akasalimu Kiturkana.

"Ejoka, Mwalimu! Kumbe hiyo kitu bado inatembea? Nilijua iko makumbusho."

"Ejok. Ilikuwa inatembea," nikamwambia.

"Panda, Mwalimu. Kiti kiko kimoja. Dakika thelathini uko Kakuma."

"Nenda," nikasema. "Mimi nitabaki na gari."

"Nilisema nitafika nikiendesha."

"Mwalimu," Ekwam akasema, "si wewe ulitufundisha, mkataa pema, pabaya panamwita?"

"Ulipata ngapi kwenye mtihani wa methali?"

"Sufuri, Mwalimu."

"Basi nyamaza."

Ekwam alicheka, akangoja kidogo, akaondoka. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi.

Niliingia chini nikafungua nati ya kutolea upepo. Mafuta yakaruka, klachi ikashika tena, lakini pedali ilikuwa imekufa. Nikamweleza: tutawasha tukiwa kwenye gia, twende hivyo hivyo, hakuna kusimama, na pedali ile isiguswe kabisa, ikikanyagwa mafuta yanakwama tena.

"Nipe usukani. Nilishawahi kuleta lori hivi kutoka Lokichoggio."

"Mwenyewe, Kipchumba. Nimesema mwenyewe."

Na mimi sikubishana, kwa sababu lile neno, mafuta ya klachi, lilikuwa langu. Hilo nalo ni kosa langu.

Alikwenda vizuri kilomita kama kumi na tano. Mbuzi wakaingia barabarani. Miaka mingi ya mazoea, mguu ukakanyaga klachi wenyewe, breki nayo, injini ikazima. Nikafungua ile nati tena. Tulipowasha, betri ikalia kidogo ikanyamaza. Nilisukuma. Nina miaka sabini na moja. Simu haikuwa na mtandao.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Saa nne kasorobo."

Hapo ndipo aliposhuka, akasimama katikati ya barabara akipunga fimbo. Lori la kwenda Loki lilisimama saa nne na dakika ishirini. Mbele kulikuwa kumejaa. Nilimsukuma juu kwa mabega, goti lile halikunjiki, na dereva akapiga honi tuharakishe. Akaingia Kakuma amekaa juu ya magunia ya mahindi.

Mahali pa basi palikuwa na mlinzi peke yake. Tulikuwa bado tunamuuliza ndege ilipopita juu. Mwalimu hakuinua kichwa. Akaniambia, "Tafuta betri."

Sikuipata siku hiyo. Landrova ilivutwa hadi Lodwar baada ya wiki, nami nilibadilisha raba zote. Klachi ilikuwa laini. Mwalimu hakuiendesha tena. Alikufa mvua za mwaka uliofuata, na kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Ekwam bado yuko barabara ile na Probox yake. Thiong anafanya kazi kwenye machinjio, kwenye baridi. Namuria amepata mtoto wa pili. Alinipigia simu mara moja, baada ya mazishi, kuuliza kama ni kweli baba yake aliondoka nyumbani siku ile. Nilimweleza yote, mpaka habari ya mafuta. Akasema, "Mafuta," kisha akakata. Mimi nilihama, niko Kerio kando ya ziwa, natengeneza injini za mashua. Ile chupa ya mafuta ya breki bado iko kwenye koti.