Ngoma ya Anastasia

Kwa miaka kumi na tano ukumbi wa dansi wa Morogoro ulikuwa ghala la mabomba mabovu, na Mzee Gervas wa Bigwa aliwalaumu wakubwa kila asubuhi kama wenzake wanavyosali rozari. Mkewe Anastasia, aliyekuwa akipiga ngoma humo, alikufa akisema ukumbi utajaa tena.

Waliouamsha hawakuwa wakubwa. Ni Maimuna, fundi cherehani, na vijana wa mtaani, waliofagia, wakachora kuta, kisha wakaja kumwomba Gervas awapigie ngoma ya marehemu. Siku ya kufungua, mgeni rasmi akafika, na ngoma ikawa imelala, ngozi imelegea kwa baridi ya mlimani. Ukiigusa ilitoa sauti ya gunia.

"Shikamoo mzee, piga hivyohivyo," ofisa aliyeongozana na mgeni alihimiza. "Mheshimiwa ana haraka."

"Marahaba. Miaka kumi na tano haraka hiyo aliiweka wapi?"

Gervas akawasha majani makavu ya mgomba uani, akaielekeza ngozi kwenye moto taratibu ikaze, kama wazee wa Uluguru walivyomfundisha. Aibu ya kupiga gunia asingemtia Anastasia.

"Baba, mwenzio anatoka jasho," Maimuna alinong'ona akicheka, akimwonyesha Mheshimiwa kwa jicho.

"Mwache atoke. Sisi tulitoka machozi."

Mheshimiwa akasubiri kama watu wengine. Ngoma ilipolia, ililia hadi sokoni, na watu wakaja wakicheza. Hata mgeni rasmi alivua koti. Gervas hakumtazama. Alikuwa akitazama ukumbi ulivyojaa, kama Anastasia alivyosema.