Nukta ya Njia Panda ya Kigongoni

Niliota jana usiku kwamba tumezindua jukwaa letu la ramani, na mji mzima wa Morogoro ukaamua kulitii.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, maana hata mama yangu anadhani natengeneza simu. Mimi na mwenzangu Winfrida tunachukua ramani ya bure, ile inayochorwa na wananchi wa kujitolea, tunaipanga ili waandaaji wa programu waitumie bila kuanza moja. Wateja wetu wa kwanza ni chama cha madereva wa bajaji wanaopeleka wagonjwa zahanati. Uzinduzi ni Jumatatu. Kabla ya hapo kompyuta hutoa maonyo: barabara hii haijaungana na ile, nyumba hii imechorwa katikati ya mto. Juzi Winfrida aliniuliza kama nimeyamaliza, nikasema yamekwisha. Na kweli yalikwisha. Nilibonyeza kitufe cha kuyaficha yote kwa mkupuo, nikaenda kula.

Basi ndotoni ni saa nne asubuhi na jua linawaka. Nyumba zilizochorwa upande zimekaa upande, na wenyewe wamefunga vitanda kwa kamba visiteleze. Mama mmoja, ambaye nyumba yake tuliichora mara mbili, anakaanga vitunguu kwenye jiko la kwanza na harufu inatokea kwenye jiko la pili. Namwomba radhi. Anasema hana neno, ila mumewe hajui arudi nyumba ipi, na tangu jana amesimama katikati na mfuko wake wa mchele.

Juu ya mtaa wa Kigongoni limekaa wingu, kubwa, limekunja miguu. Nalikumbuka. Siku setilaiti ilipopiga picha ya mji, wingu hilo lilikuwa linapita, na mtaa ukatoka mweupe. Nililiomba kwa heshima lisogee.

"Nilipigwa picha hapa," likasema. "Siondoki mpaka nipigwe nyingine."

Nikaona lina hoja. Nikarudi ofisini, na nilipokaa tu, ofisi ikawa njia panda. Kiti changu hakikusogea hata kidogo. Ni kuta zilizoondoka.

Hapo barabara mbili zinakatana. Moja inakwenda zahanati. Bajaji inakuja kwa nyingine, dereva anazungusha usukani wote kulia, na bajaji inapita moja kwa moja. Anarudi, anazungusha tena, inapita tena. Mara ya nne akasimama mbele yangu akajifuta jasho. Aliniambia, bila kunigombeza, kwamba nilichora mistari miwili ikipishana nikaiacha bila nukta ya kuiunganisha. Kwa ramani yangu barabara hizi hazijuani. Mtu hawezi kukata kona kuingia barabara isiyomjua.

Nilichungulia ndani nione mgonjwa ni nani. Alikuwa mdogo wangu Skolastika, tumbo limefika kwenye kiti cha dereva, ameshika chuma cha bajaji kwa mikono miwili.

Nikamuuliza tangu lini. Nilikuwa sijui kabisa.

"Sijamwambia mtu, kaka," akasema. "Hata shemeji yako hajui."

Uchungu ulikuwa umemshika, na zahanati ilikuwa inaonekana, mlango wake wa kijani uko wazi, nesi amesimama na glavu mkononi anatungoja. Kilichopungua ni nukta moja. Maji yakanifika shingoni, nikaanza kuitafuta.

Naikuta nyuma ya nyumba ya tatu, imeshikilia kona ya banda la kuku. Ni ndogo, nyeusi, imekunja mikono ya shati. Naiambia irudi njia panda haraka, kuna mtu anajifungua.

"Ulinifuta mwenyewe," inasema. "Ulisema nimejirudia. Hapa nimepata kazi, na kuku wananiheshimu."

Nikaisihi. Ikakubali kunisikiliza, ila ikataka kanuni ifuatwe: kila anayegusa ramani aseme amejuaje. Nikasema nimejua kwa picha ya setilaiti. Ikanijibu kwamba picha ina wingu, na wingu kule juu likaitikia kwa kichwa. Nikasema nimejua kwa wenyeji. Ikauliza mwenyeji gani, jina lake. Hapo nikawa mpole kama maji ya mtungi, kisha nikaanza kuzungusha maneno, kwamba takwimu zetu kwa ujumla, kwamba timu yetu kwa kawaida.

Sauti ya Skolastika ikatoka kwenye bajaji, ya uchovu, haina hata hasira.

"Kaka, sema ukweli. Mficha uchi hazai, na mimi nataka kuzaa."

Nikasema. Nikasema sijawahi kukanyaga Kigongoni. Miaka mitatu naichora, mdogo wangu huyu anakaa huko, kila akinialika namwambia kazi imenibana, na kazi yenyewe ni kuchora mtaa wake. Niliona aibu, aibu ya kweli, mbele ya nukta na kuku wote.

Nukta ikaachia kona ya banda, ikapanda kiganjani kwangu. Ilikuwa nzito kuliko tofali. Ikaniambia niibebe kwa miguu, kwa sababu mahali hapajulikani kwa njia nyingine. Nikatembea. Naona njia panda, namwona dereva ameshaweka usukani kulia, nainama niitue katikati ya barabara, na simu ikaita.

Ilikuwa yangu, juu ya kabati, na nje kumekucha. Mpigaji ni Skolastika. Hupiga siku za sikukuu tu.

Aliniamkia, nikaitikia marahaba, akauliza hali ya mama.

"Nina jambo," akasema. "Sijamwambia mtu, kaka. Hata shemeji yako hajui."

Nikamuuliza mimba ina miezi mingapi.

Akauliza nani ameniambia, wakati kipimo chenyewe kafanya asubuhi hii na bado kakishika mkononi. Badala ya kumjibu nilimpongeza, nikamwambia asikate. Kwa simu ya pili nikamwandikia Winfrida kwamba maonyo yote yapo, niliyaficha, na Jumatatu isubiri. Kisha nikavaa viatu, nikamwambia mdogo wangu kwamba nakuja kwake sasa hivi, na anielekeze, maana njia siijui.

Alicheka. Akaniambia nishuke pale palipokuwa na mashine ya kusaga. Nikamuuliza hiyo mashine siku hizi iko wapi.

"Haipo," akasema. "Wewe njoo tu, utapaona."