Nyumba ya Canelo

Hamsta wa kwanza wa binti yangu, kipanya cha kufugwa, alikufa baada ya kutafuna na kumeza vipande vya nyumba yake ya plastiki. Kwa hiyo Jumamosi nilifika sokoni Oaxaca, Meksiko, nikiwa simwamini mtu. Canelo, hamsta wetu mpya, alihitaji nyumba isiyomdhuru akiitafuna.

"Hii ni mbao tupu, mama," alisema Fidencio, muuza wanyama, akinipa kibanda chekundu.

Nilikinusa. Kilinuka gundi.

"Hapa sokoni muuza jibini hunionjesha kabla sijanunua," nikamwambia. "Nawe kilambe kwanza, nikuone."

"Jamani! Mimi ni panya?"

"Lamba, Fidencio! Unaogopa nini?" mama muuza jibini alimchokoza kutoka meza ya jirani, na watu wakacheka.

Hakulamba. Alikipangusa tu kibanda kwa kiganja, akatazama pembeni. Nikainama kuchungulia tundu la wanyama wake. Hamsta wake wote walikuwa wamelala ndani ya chungu cha udongo kilicholazwa ubavu, kisicho na rangi.

"Na hicho je?"

"Hicho si cha kuuza," alijibu upesi mno.

Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, nikaenda moja kwa moja kwa wauza vyungu.