Mlalamikaji Hakutokea

Felista alikuwa amepiga magoti mbele ya mafiga, nyuma ya jengo la mahakama ya mwanzo, akipuliza kuni mbichi za mgunga huku machozi yakimtoka kwa moshi. Alitoka nyumbani, upande wa Mkiwa, jana alfajiri kwa miguu, akalala njiani kwa watu. Kesi yake ilikuwa ya asubuhi hii. Sasa saa nne imepita, naye anapika pilau.

Hakuja kupika. Alikuja kumshtaki shemeji yake Mughwai, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye amekwisha kupokea ng'ombe wanane ili Sara, binti yake Felista, aolewe Jumamosi na mzee mmoja wa Sekenke. Sara ana miaka kumi na mitatu, yuko darasa la tano. Ukoo umesema mtoto ni wa upande wa baba na mama hana neno. Lililobaki ni neno la hakimu, na leo ni Alhamisi.

Alipofika alimkuta Antipasi, karani wa mahakama, akifunga matawi mabichi mlangoni. Wanasheria walikuwa wanakuja kutoka Dar es Salaam kula chakula cha mchana na wakubwa wa tarafa, na baada ya kula watu wachangie Nyumba ya Haki, yaani jengo jipya la mahakama, la matofali na bati. Antipasi alikuwa na umri wa kuwa mwanawe wa kwanza, lakini Felista ndiye aliyetoa shikamoo, na kijana akaitikia marahaba bila haya.

"Kesi yako ipo, mama, ya saba," alisema. "Lakini leo tuna wageni na wapishi hawatoshi. Nenda nyuma ukasaidie. Zamu yako ikifika nitakuita."

"Nikae hapa hapa mlangoni, mwanangu. Nisije nikapitwa."

"Unakuja kuomba haki, halafu kuisaidia hutaki?" Antipasi alicheka. "Nenda, mama. Si mimi ninayeita majina?"

Akaenda. Nani angebisha? Mtu anayeita majina haudhiwi.

Alichambua mchele, akamenya vitunguu, akakoroga nyama. Mbele ya jengo bendi ya shule ilikuwa ikifanya mazoezi ya wimbo wa mapokezi, ngoma mbili na filimbi, bila kupumzika. Mara mbili aliinuka aende kusikiliza, na mara mbili Dorika, mke wa hakimu, alimrudisha.

"Acha wasiwasi, mama Sara. Pilau likiungua nitawaambia nini wageni?"

Saa saba wageni wakaketi chini ya turubai. Felista akapewa upawa, apakue. Watu walipita na sahani zao, na katikati yao akapita Mughwai, amevaa koti, kwa kuwa alikuwa mjumbe wa nyumba kumi.

"Nijazie, shemeji," alisema kwa upole.

Felista alipomwona akatulia. Kama mshtakiwa bado yupo, basi kesi nayo bado ipo. Akamchagulia paja zima.

Baada ya kula, hakimu Leonidas alisimama. Alizungumza vizuri, kwa Kiswahili cha redioni. Alisema zamani haki ilikuwa ya mkoloni, na sasa imerudi kwa wenyewe.

"Ndugu wageni, asubuhi ya leo meza yangu ilikuwa na kesi kumi na moja. Zote zimekwisha. Katika tarafa hii, saa hii, hakuna mwananchi hata mmoja anayengoja haki."

Makofi yakapigwa. Felista naye alipiga, upawa ukiwa kwapani, mpaka maneno yale yalipomfikia vizuri.

Michango ikaanza. Mughwai alisimama akasema yeye ni mkulima tu, hana maneno mengi, anatoa mtamba mmoja. Wageni wote wakasimama. Mwanasheria mmoja mnene alimfuata akamshika mkono, akasema taifa linajengwa na watu kama hawa. Felista alimjua mtamba huyo. Ni mwekundu, ana paji jeupe, na aliingia zizini miezi miwili iliyopita akitokea Sekenke.

Alimfuata karani. "Kesi yangu, mwanangu."

Antipasi alijifuta vidole, akafungua daftari. "Imefutwa. Nimekuita mlangoni mara tatu, kama sheria inavyotaka. Mlalamikaji hakutokea."

"Nilikuwa jikoni. Wewe ndiye uliyenipeleka."

"Mahakama haijui jikoni, mama. Inajua mlangoni."

"Sasa?"

"Omba ifunguliwe upya. Njoo Jumatatu."

"Mtoto anachukuliwa Jumamosi."

"Jumamosi hatufungui."

Felista alikwenda moja kwa moja hadi meza kuu, kwa miguu yake pekupeku, akasimama mbele ya hakimu na wageni wake.

"Mheshimiwa, mimi nangoja."

Hakimu alimtazama, akaitambua sura. Alikuwa ameiona mwezi uliopita, siku ya kuandikisha kesi. Kisha akawageukia wageni akitabasamu.

"Mama anangoja vyombo, ndugu zangu."

Wageni wakacheka kwa wema, wakampa sahani zao, moja juu ya nyingine, hadi zikamfika kidevuni. Yule mnene alimwambia ahsante sana, chakula kilikuwa kitamu.

Aliziosha zote. Alipomaliza, turubai lilikuwa linashushwa, na Mughwai alikuwa kando ya barabara ameshika baiskeli.

"Panda, shemeji. Nimekungoja wewe," alisema. "Jumamosi utatupikia. Wageni wameusifu mkono wako."

Kwa miguu angefika kesho jioni, na Sara yuko peke yake nyumbani. Felista alipanda kwenye kiti cha nyuma, akamshika koti ili asianguke.